Mwezi wa Saa Kumi na Moja

Takaungu,
Jumanne, 4 Novemba 2025

Kwa kaka yangu Rashad bin Harith,
Barani, Malindi.

Assalaam aleikum. Shikamoo yako naitanguliza, maana ulizaliwa miaka sita kabla yangu, na hasira zangu haziwezi kukupunguzia hata mmoja. U hali gani na mgongo wako? Mkeo Nahla amenambia ule mkanda uliopewa na daktari umeuvaa siku mbili ukautupa juu ya kabati. Uvae, kaka, mgongo hauna mwingine. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku za mvua hunipandisha ngazi kwa makalio. Nyumba ya Baba iko vilevile, na kisima kina maji.

Mkeo alifika Jumamosi na sahani ya halwa na karatasi yako. Halwa tumekula, Mungu akuzidishie. Karatasi nimeisoma mara tatu. Umeandika kwamba unataka kuiweka wakfu ile darubini nyeupe ya Baba, ikae juu ya msikiti wetu, watu waitazamie miezi, iwe sadaka yenye kuendelea kwa roho yake. Hapo nikasema amina. Kisha ukaandika maneno unayotaka yachongwe kwenye jiwe la marumaru chini yake: Mwalimu Harith bin Kassim, aliyeuona mwezi wa Idd ulipofichikana kwa wote. Na mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyemnunia, ukaniomba mboni.

Basi umejua. Imekuchukua miaka miwili kujua kwamba darubini bila mboni ni paipu.

Darubini za Baba hukuzijali zilipokuwa zikikusanywa, kwa hiyo nikueleze kile ulichobeba siku ya urithi. Ile ya shaba Baba aliipata kwa muuza vyuma chakavu pale Malindi, alipoanza ualimu, na Mama alikaa wiki nzima hasemi naye. Ile nyeupe ilikuwa ya Mtaliano aliyefunga nyumba yake akarudi kwao. Mtunza nyumba, Kombe, alikuwa akiitumia kuegemeza mlango wa jikoni ili usipigwe na upepo. Baba alimpa baiskeli yake akaichukua, akaenda skuli kwa miguu miaka mitatu. Ile ndefu ya kijivu aliitengeneza mwenyewe kwa paipu la maji, na kioo chake alikisugua kwa mikono miezi minane pale ukumbini, na ile sauti yake ya kukwaruza ndiyo niliyokuwa nikilala nayo. Nne zilizobaki zina visa vyao, ila sina haja ya kukuchosha.

Hayo yote ni mabomba, kaka. Kazi ya bomba ni kukusanya nuru tu. Kinachokupa kuona ni kile kijilenzi cha kuchomeka nyuma, pale unapoweka jicho, nacho ndicho Baba alichokiita mboni. Alikuwa nazo kumi na nne, kila moja na namba yake, ndani ya mkebe wa biskuti. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na kioo. Ukikiacha mwezi mmoja tu, kuvu inaota juu yake. Basi kila mwezi ukiandama mimi nilikaanga mchele mkavu, nikaupoza, nikaubadilisha ndani ya mkebe unyonye unyevu, na kila mboni nikaifuta kwa pamba na spiriti. Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyeniuliza naifanya kwa nini.

Siku ya arubaini ya Baba ulikaa mbele ya wazee ukasema urithi ugawanywe, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Sikukataa, hiyo ni sheria ya Mungu na mimi ni mja wake. Lakini mafungu uliyapima kwa macho. Ukayapanga yale mabomba saba upande wako yakang'aa, ukanisukumia mkebe wa biskuti, ukasema hivi vidogovidogo vinamfaa Kamaria, ni mtu wa kuweka vitu. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaniuliza kama nimeridhika, nikajibu nimeridhika. Niliridhika kweli, wallahi! Nilijua umebeba vipofu saba, na nilifurahi, na furaha ile naijutia mpaka leo. Nahla amenisimulia jinsi wageni wako wanavyochungulia pale sebuleni wakaona giza, nawe ukawaambia leo kuna mawingu.

Haya, nimekucheka vya kutosha. Sasa sikiliza lile ambalo limenifanya niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Baba alikuwa haoni. Wewe uliambiwa ana presha ya macho kidogo, anatia dawa. Ukweli ni kwamba miaka yake miwili ya mwisho alitofautisha mchana na usiku, basi. Mjini hakuna aliyejua. Nilimshika kiwiko kama binti anayempenda babake, na mtu akija mbele nilimnong'oneza jina lake kabla hajafika. Mwenyewe alikuwa akicheka, akisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Miezi ya Ramadhani na ya Idd niliitazama mimi, pale juu ya paa, kuelekea mashamba ya mkonge ambako jua linazama. Mimi nikiona, yeye anakwenda msikitini kushuhudia, maana kwetu ushahidi wa mwezi haupokelewi kwa mwanamke. Ulikuwa udanganyifu, najua, ila miezi yenyewe ilikuwa ya kweli.

Kisha ukaja wewe. Miaka tisa ulikuwa hujakanyaga Takaungu, fimbo ya mbali, ukapiga simu kutoka Maskati, ulikofanya kazi kabla ya kuhamia Malindi, kwamba utakuja siku nne za mwisho wa Ramadhani, na tikiti ya kurudi ni Ijumaa usiku, kazi haingoji. Baba alikushoneshea kanzu kabla hujapanda ndege. Kila asubuhi aliniuliza leo ni tarehe ngapi, nami nilijua anahesabu nini. Mwezi ukiandama Alhamisi, Idd ni Ijumaa na mwanawe atakuwa ubavuni pake. Usipoandama, Idd ni Jumamosi na wewe umeshakwenda zako.

Alhamisi ile tulipanda juu, mimi na yeye. Wewe ulibaki uani chini yetu na simu yako. Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata utando. Nikaweka mboni ya milimita ishirini na tano, ile yenye kuona mahali papana, nikatafuta tangu jua lilipogusa mkonge mpaka nyota zikatoka. Kaka, hapakuwa na mwezi. Nilikuwa nageuka kumwambia, ndipo tukakusikia huko uani ukimwambia rafiki yako kwamba isipokuwa kesho, basi Idd utaila ndani ya ndege, si neno. Ukacheka. Baba alikuwa kipofu, hakuwa kiziwi. Nikaona uso wake.

Akaniuliza, "Umeuona?"

Nikasema, "Nimeuona, Baba."

"Una umri wa saa ngapi?"

"Kumi na moja."

Wewe hukusoma kwake, kwa hiyo hujui maana ya jibu hilo. Miaka thelathini Baba aliwafundisha watoto wa watu, na mimi wa kwanza wao, kwamba mwezi usiotimiza saa kumi na tano tangu kuzaliwa hakuna jicho linaloudaka, liwe tupu au liwe na darubini. Hesabu hiyo aliipiga kichwani, hata usingizini angeweza kuifanya. Alijua nimesema uongo, na alijua nimemsemea nani. Halafu akaniambia, "Basi nipe kanzu yangu."

Nilimpa. Nikamshika kiwiko nikamfikisha msikitini, na Mwalimu Harith, ambaye hajawahi kumwongeza mwanafunzi alama moja ya bure, akasimama mbele ya watu akashuhudia kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba ameuona. Alihitajika shahidi wa pili, na Sufyan fundi wa saa akasema naye ameuona, karibu na mnazi mrefu. Sikumshangaa. Mtu mwenye heshima akisema ameona, walio nyuma yake nao huona.

Kilifi nzima ilifunga ile Ijumaa isipokuwa msikiti wetu. Wewe unaikumbuka kwa fahari, ndiyo maana unataka kuichonga. Mimi nawakumbuka kina Dorcas, majirani zetu Wakristo, wakiuliza kwa adabu mbona Waislamu wengine wamefunga na nyinyi mnapika. Ulisali ubavuni kwa Baba, ukapiga naye picha, ukapanda gari saa kumi na moja jioni. Kesho yake takbira zikasikika kutoka misikiti yote ya ng'ambo. Baba alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya magoti. Akasema tumewalisha watu mchana wa Ramadhani. Hakunilaumu, na mimi nilitamani anilaumu.

Akaazimia kwenda kuwaambia, ili kila mtu ailipe siku yake. Ila alitaka wewe ulisikie kwanza, kutoka kinywani mwake, usije ukalisikia kwa watu. Nilikupigia kwa ajili yake mara saba, kaka. Nimezihesabu kwa sababu kila mara nilimshikisha simu mwenyewe sikioni. Ulikuwa kazini, ulikuwa barabarani, ulikuwa na wageni, utapiga baadaye. Ulipopiga ilikuwa kuuliza hati ya nyumba iko kwa nani. Mwezi wa nne baada ya Idd ile, Jumanne alasiri, akafa na neno lake kooni.

Nilipaswa kusema mimi siku ya arubaini, mbele ya wazee walewale. Niliogopa. Niliona mnavyomsifu kwa ule mwezi, nikasema moyoni wacha alale na sifa zake. Lakini jiwe, Rashad? Kuuchonga uongo wake kwenye marumaru, juu ya nyumba ya Mungu, watu wasome miaka mia? La kuvunda halina ubani. Nisingeweza kupita chini ya jiwe lile hata siku moja.

Kwa hiyo jana nilikwenda kwa Imamu nikamwambia yote, jina langu mbele na la Baba nyuma yangu. Alilia, maana naye alisoma kwa Baba. Ijumaa hii baada ya sala atawatangazia watu wailipe ile siku. Najua yatakayosemwa sokoni. Wapo watakaosema walijua tangu zamani, na wapo watakaoacha kunijibu salamu, na sifa ya Baba, iliyokuwa mali yetu sote wawili, mimi ndiye niliyeivunja. Sikuombi unisamehe. Wala sikuombi uje usimame nami, ingawa nafasi ipo.

Mboni nitakuletea zote kumi na nne baada ya Ijumaa, ni safi, hazina hata doa. Darubini na iwekwe msikitini, na atakayepanda aone kilichopo au aseme hakuna. Jiwe lisichongwe.

Mfikishie Nahla salamu zangu, na sahani yake nitairudisha na kitu ndani. Nibusie watoto, wao hawakuwa nasi Ijumaa ile, hawana deni. Baba aliilipa siku yake Jumatatu iliyofuata, na mimi nilifunga naye. Watu mia mbili na kitu wa mji huu wataanza kulipa wiki ijayo, wengine wagonjwa, wengine wazee, kwa sababu ya tikiti yako ya ndege. Wewe ulikaa kuliani kwa Baba mchana ule ukala sahani mbili za pilau.

Funga siku moja, kaka.

Mimi nduguyo,
Kamaria binti Harith