Masoud Amevuliwa Magwanda

Mkunazini,
Unguja.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Ismail,

Shikamoo, na amani ya Mungu iwe juu yako, wewe na wifi Mardhiya na watoto. Joto la Muscat tunalisikia kwenye simu tu. Natumai goti lako limetulia, na sukari unaipima kama daktari alivyokuagiza, si kama upendavyo mwenyewe. Sisi hapa wazima. Presha ya mama imeshuka, anakula vizuri, na sikukuu kubwa alipika biriani kwa mkono wake akatufukuza jikoni sote.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba hii kila mmoja anaishika. Barua inakuja kwa mkono wa jirani yetu Shahida, anayesafiri Jumanne. Uisome peke yako.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Umesema Masoud ni mtoto wa mtaa wetu, mlisoma chuo kimoja cha Kurani, mkachapwa bakora moja, na kwa kuwa polisi wameshamfukuza kazi basi moyo wangu upoe. Kaka, haujapoa. Na wewe ulisimuliwa nusu, kwa hiyo nakupa yote.

Yalianzia Kendwa, kwenye hoteli ambayo mdogo wetu Mudrik analinda geti. Masoud alikwenda huko siku yake ya mapumziko, kalewa mchana kweupe, akamshika mhudumu wa kike kiunoni huku akijigamba kwamba yeye ni koplo na hakuna wa kumgusa. Mudrik akamtoa nje. Hakumpiga hata kofi. Alimtoa tu, mbele ya watu.

Kesho yake akaja hapa na magwanda kumtafuta. Baba alikuwa na siku arubaini kaburini, na mama yumo ndani anakaa eda. Nyumba ya eda unaijua: hata muuza samaki anaacha kapu mlangoni na kurudi nyuma. Masoud hakupiga hodi. Aliingia mpaka chumbani, akamshika mama mkono, akamburura hadi mlango wa njiani ili aseme mwanawe yuko wapi. Mama alitolewa kichwa wazi, watu wanapita. Mimi nilikuwa kazini Tunguu, na hilo sitojisamehe.

Sheikh alimwambia eda yake haikuharibika. Mama hakukubali, akaanza kuhesabu upya tangu siku ya kwanza. Idi ndogo ikapita yumo ndani, analia kwamba amemkosea mumewe. Eti yeye ndiye aliyekosea! Hapo ndipo nilipoapa kuwa Masoud hatovaa tena magwanda mimi nikiwa hai.

Nikapeleka malalamiko. Yeye akaandika kwenye maelezo yake kwamba hakuvuka kizingiti, na kwamba mama alitoka mwenyewe. Waliopita njiani hawakuona ya ndani, ikawa neno la koplo na neno la mjane. Kila Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda kukaa kwenye benchi la ofisi yao, mpaka askari wa mapokezi wakanipa jina, Bi Jumatatu. Waliponiona wanaguna. Nikawaamkia kwa adabu, nikakaa.

Kilichommaliza Masoud ni mdomo wake. Siku moja yuko barazani na kanzu yake, anakunywa kahawa, akawa anawachekesha wenziwe kwa kumwigiza mama, vile alivyokuwa kajikunyata mkekani na koti la kijivu la marehemu baba mabegani. Mzee Kheir wa nyumba ya tatu alikuwepo. Hakucheka. Mwanamke wa eda haonekani na wanaume, kaka, na lile koti lilimwanguka mama mle mle chumbani alipovutwa. Walioko njiani hawakuliona. Basi mwanamume gani angejua habari ya koti, isipokuwa aliyeingia?

Mzee Kheir aliyasema hayo mbele ya maofisa waliokuwa wanasikiliza shauri la Masoud. Nimeambiwa walipomuuliza amelijuaje koti, aliomba maji. Mdomo huponza kichwa! Na ya Kendwa nayo yakaletwa, yule mhudumu akaeleza yote bila kutetemeka. Wakamvua cheo, wakamfukuza.

Siku hiyo nilisimama ng'ambo ya barabara kwa makusudi. Alitoka na fulana na suruali isiyo na mkanda, kaishikilia kwa mkono. Nilitaka anione, na aliniona. Nikapita Darajani nikanunua haluwa, nikagawa mlango kwa mlango. Wako waliosema si uungwana. Walikula lakini.

Sasa hili la rufaa, ambalo ndilo hasa lililokufanya unitafute. Ni kweli mkubwa mmoja alimdokeza Masoud kwamba akipata barua ya radhi ya mama kabla siku za rufaa hazijesha, huenda akarudishwa kazini. Ni kweli pia mama yake, Bi Mwamvua, alikuja hapa, wakalia pamoja na mama. Na mama unamjua. Akasamehe. Akaiandika radhi mwenyewe kwa herufi zake za Kiarabu, akanikabidhi niipeleke ofisini.

Jumatano akaniuliza, "Ushaipeleka?"

"Naam mama, nshaipeleka."

Akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina.

Siku za rufaa zilikwisha juzi, Alhamisi. Radhi ya mama ndiyo hiyo karatasi nyingine uliyoikuta ndani ya bahasha. Kuichana siwezi, ni mwandiko wa mama na ina Bismillahi juu. Kuiweka humu ndani siwezi, ataiona. Ikae kwako.

Mudrik anakusalimu, na Mzee Kheir pia. Nifikishie salamu kwa wifi Mardhiya, na kwa mjomba Haroub mkionana msikitini. Mungu akuzidishie afya na riziki, na akurejeshe kwetu salama. Mama anakungojea kwenye simu Ijumaa. Atakwambia kwa furaha kwamba amemsamehe Masoud, na kwamba radhi yake nimeifikisha mimi, binti yake mwema. Muitikie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Muzdalifa