Hamsini Ndani ya Boksi la Mia

Jumapili, 3 Machi 1935

Leo siku ya arobaini na moja tangu niondoke nyumbani. Nimehesabu mara mbili, jibu ni lile lile.

Daftari hili nimepewa na mwuza chakula cha kuku, lina picha ya jogoo kwenye jalada. Niliishia darasa la nne, mwandiko wangu ndio huu.

Kanisani sikwenda. Jumapili iliyopita nilikwenda, nikakaa benchi zima peke yangu. Watu wa Missouri si wabaya. Hawana tu la kuniambia. Nimeshinda chumbani nyuma ya boila ya kiwanda hiki cha kutotolea vifaranga, nikafua shati, nikala maharage na mkate wa mahindi. Mkate wao wanautia sukari! Mke wangu Lenna angemtupia mbwa.

Barua tatu nimemwandikia Lenna. Kimya.

Niandike ukweli, maana hakuna wa kusoma. Mgodi kwetu Kentucky ulipofungwa, sikuwa na nauli ya kuja huku. Mke wangu alikuwa na kuku ishirini na wawili wanaotaga, aliowalea mwenyewe tangu mayai. Alipokwenda kwa dada yake nikawauza wote. Aliporudi alisimama mlangoni mwa banda, akachungulia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: Hata yule wa Zella? Zella ni binti yetu, ana miaka tisa. Nikasema ndiyo, hata yule.

Jumatatu, 4 Machi

Jumatatu ndiyo siku ya kutotoa. Leo vifaranga elfu kumi na mbili — kelele zao unazisikia mpaka kwenye meno. Mimi natoa trei, naziosha, nageuza mayai yaliyobaki kwenye mashine. Kufunga maboksi ni kazi ya wanawake, na mkubwa wao ni Mama Bohnsack, mjane, mikono myepesi kuliko ya msusi.

Jioni lori linapeleka maboksi stesheni, treni ya posta inayachukua. Ndani hamna chakula wala maji. Kifaranga anazaliwa na kiini cha yai tumboni, kinamtosha siku tatu. Tatu tu. Kila boksi lina kadi: mwenye mzigo analifungua mbele ya mtu wa posta, wanahesabu hai na wafu, posta inatia saini, kadi inarudi hapa, na waliokufa wanalipwa kwa vifaranga wengine.

Lori likishaondoka, jumba zima kimya. Asubuhi nilikuwa naomba wanyamaze. Jioni nikawa natembea bila kazi kati ya mashine, nawatafuta.

Jumatano, 6 Machi

Mama Bohnsack alikuwa anacheka na wenzake kuhusu mteja mmoja wa Kansas aliyejifanya hakuagiza kitu. Anasema barua unaweza kuichomeka nyuma ya saa ukaisahau. Lakini vifaranga! Wakifika posta wanalia, mji mzima unajua wa kwako wamekuja, postamasta mwenyewe anakutumia mtu uje uwatoe.

Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Sikugeuza trei ya saba mpaka Clete msimamizi akanipigia kelele.

Alhamisi, 7 Machi

Hapa vifaranga wanaozidi oda wanapewa wafanyakazi. Nimemwomba Clete wa Jumatatu ijayo.

"We Kentucky, unataka kuku wa nini? Utalala nao kwenye boila?"

Nikamwambia ni wa nyumbani. Akaniangalia, akasema sawa, lakini nisije nikawa nalia kwenye trei zake.

Jumatatu, 11 Machi

Wamekwenda!

Waliozidi walikuwa hamsini na kitu. Clete akasema chukua upesi kabla sijakumbuka nina shemeji mwenye banda. Wanawake walikuwa wametoka kula. Sikutaka kuwasumbua, nikafunga mwenyewe. Maboksi madogo yalikuwa yamekwisha, nikachukua la mia. Lina vyumba vinne, kila kimoja cha vifaranga ishirini na watano. Nikawagawa hamsini wangu vizuri: kumi na wawili huku, kumi na watatu kule. Wapate nafasi. Mimi nimekulia watu kumi na mmoja kwenye vyumba viwili, kubanana nakujua. Nikataka hawa wasafiri kama matajiri.

Nikatandika maranda ya mbao. Nikabandika kadi. Nikaandika saa waliyototolewa, saa mbili asubuhi, na jina la Lenna, na posta ya kwetu, ambayo ni kaunta moja ndani ya duka la Mzee Ratliff. Barua sikutia. Niliianza, nikaichana. Juu ya kifuniko nikaandika: Mmoja ni wa Zella, achague.

Nilisindikiza lori kwa macho mpaka kona.

Jumanne, 12 Machi

Nimefanya ujinga.

Wakati wa kahawa nilimsimulia Mama Bohnsack. Nilijisifu kidogo, nakiri. Akauliza boksi gani. Nikasema la mia.

"Ukajaza vyumba viwili, viwili ukaacha vitupu?"

"Hapana, mama. Nimewagawa vyote vinne."

Akaweka kikombe chini. "Kumi na wawili kwenye chumba kimoja? Mwezi wa tatu?"

"Ili wapumue."

"Matundu ya kupumua yapo ubavuni, baba! Wewe ulidhani tunawabana kwa uchoyo? Kifaranga hana jiko. Anaota moto kwa mwenzake. Ukimpa nafasi umempa baridi."

Wanawake wote wakainamia vikombe vyao. Afadhali wangecheka. Yeye mwenyewe akanihurumia, akaniongezea kahawa, akasema labda watajikusanya kona moja. Labda.

Siku arobaini nipo humu na sikuwahi kuuliza kwa nini wanabanwa.

Jumatano, 13 Machi

Redio ya ofisini inasema theluji milimani. Milima ipi, hawakusema. Clete akabadilisha idhaa asikilize kitu kingine.

Alhamisi, 14 Machi

Saa mbili asubuhi siku tatu zimetimia. Nilikuwa naosha trei. Nikasimama.

Kama wamefika, wamefika sasa. Namwona Mzee Ratliff anakata kamba na kile kisu chake cha tumbaku. Namwona Lenna na koti la kaka yake. Nawaza anafungua na kukuta nini. Banda tupu la kwanza nilimwachia mimi. La pili nimemtumia kwa posta, na stempu juu.

Ijumaa, 15 Machi

Hakuna kitu.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kanisani. Benchi lile lile. Safari hii nilisogea mpaka karibu na mzee mmoja mwenye mkono mmoja. Hakusogea. Hakusema kitu pia, lakini wakati wa kuimba alinishikia kitabu upande wa pili. Nilikuwa nimesahau bega la mtu lina joto.

Jumanne, 19 Machi

Kadi imefika.

Clete alitoka nayo ofisini ameiinua juu. "Nani hapa anadai dhamana ya vifaranga wa bure? Kentucky, njoo ujieleze!" Halafu akaona uso wangu, akanipa.

Waliofika hai: 31. Waliokufa: 19. Saini ya Mzee Ratliff, imepinda vile vile. Chini kumechapishwa: Tutume wengine badala ya waliokufa? Ndiyo. Hapana. Lenna amekata zote mbili kwa penseli. Pembeni ameandika maneno mawili:

Alete mwenyewe.

Nimeyasoma mpaka Clete akauliza kama ni Biblia.

Yeye anasema ni hasira. "Anakutaka karibu ili asikukose akirusha sufuria. Wa aina hiyo nawajua, nimeoa mmoja." Wote wakacheka, hata mimi.

Mama Bohnsack hakucheka. Alifuta mikono, akaisogeza kadi dirishani. "Hapana ilikuwa imeshachapishwa," akasema. "Angekuwa hataki kukuona, angeiacha hiyo peke yake. Kalamu haijamlazimisha mtu."

Sijui. Lenna anaandika kama anavyosema, kwa kifupi, na mtu unabaki unageuza maneno kama mayai. Wa Zella amepona au yumo kwenye kumi na tisa? Hajasema. Labda hilo nalo nilifuate mwenyewe.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwomba Clete ruhusa. Akanikumbusha msimu unakwisha mwezi wa sita. Ukitoka kabla, anasema, trei zako anapewa mwingine, kuna wanaume sita wanazunguka hapo nje kila asubuhi. Ni kweli, nawaona. Mmoja ana koti kama langu.

Hakusema hapana. Alisema nimpe jibu Jumatatu maboksi yakianza kufungwa.

Mama Bohnsack ameshaniwekea boksi la ishirini na watano, amelificha chini ya meza yake ili Clete asilichukue. Nikamwambia nadaiwa kumi na tisa tu. Akanitazama. Nikasema basi, mama, nimeelewa: kumi na tisa watapata baridi, nitaongeza sita chumba kijae.

"Afadhali," akasema. "Na usiliweke sakafuni mwa treni. Mapajani."

Watatotolewa Jumatatu tarehe 25, saa mbili asubuhi. Treni ni saa kumi na moja jioni. Clete sijampa jibu. Nikipanda, nitashuka stesheni ya kwetu Jumatano jioni, na kwa miguu kupanda mlima ni mwendo wa saa tatu. Nikizuiwa na theluji itakuwa Alhamisi alfajiri, tarehe 28, kabla ya saa mbili. Hao ishirini na watano hawana siku ya nne.