Kengele Ambayo Haikulia

Oudeterp, Friesland
4 Novemba 1974

Kaka Sjoerd,

Habari za Eindhoven? Shemeji na watoto hawajambo? Huku Mama anakohoa lakini anakula, na kila siku anauliza kama umeandika. Mimi mzima wa mwili tu.

Nadhani umesikia. Siku ya ile dhoruba pampu zetu za kuondoa maji mashambani zilisimama, kengele haikulia kwa mlinzi, na ng'ombe thelathini na mmoja wa Hylke Bouma wakafa maji. Kamati ya ofisi yetu ya maji imeniita tarehe 20. Wanasema kosa ni ule mruko niliouandika kwenye programu ya kompyuta ya pampu, ile amri ya kurukia mstari wa mbali bila kufuata zamu, na kwa hilo nitafukuzwa.

Mruko ule ulikuwa na kazi moja tu. Kipimo cha maji kikinyamaza, programu iache yote papo hapo, ikapige kengele. Lakini Septemba ofisi ilikuleta wewe, mtaalamu, uisafishe programu yangu. Uliutoa au hukuutoa? Niambie, kaka, maana kazi yangu iko hapo.

Mdogo wako,
Wietske

Eindhoven, 9 Novemba

Mdogo wangu Wietske,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Mpe Mama pole, avae soksi za sufu.

Niliutoa, ndiyo. Ulitaka niuache? We tangu utoto ni mtu wa kurukaruka mitaro wakati daraja lipo! Programu safi ina njia moja ya kuingia na moja ya kutoka. Badala ya mruko niliweka alama: kipimo kikiharibika, alama inawekwa, na mwisho wa mzunguko wa kusoma vipimo vyote programu inaiangalia, kisha inapiga kengele. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataisoma bila kuumwa kichwa.

Usikuze mambo. Kitabu changu kinatoka masika, na wenye wivu hapa ni wengi. Nyamaza kidogo, yatapita.

Kaka yako,
Sjoerd

Oudeterp, 12 Novemba

Kaka,

Salamu zako nimezifikisha. Mama amezipenda, hajui mengine.

Leo nimejaribu mwenyewe. Nimechomoa waya wa kipimo kimoja, kama dhoruba ilivyoukata, nikakaa na saa. Dakika arobaini, kimya! Mzunguko wako hausogei mpaka vipimo vyote vijibu. Kimoja kimekufa, unakisubiri. Huo mwisho unaoangalia alama haufiki kamwe. Yangu ilikuwa inaacha kusubiri baada ya sekunde mbili.

Kadi zangu za zamani, zilizotobolewa ile programu yangu, ofisi ilizitupa ulipomaliza. Nakala iliyochapwa, yenye mwandiko wangu pembeni, unayo wewe peke yako. Nakuomba uilete mbele ya kamati. Sitaki uaibike. Sema tu ulibadilisha.

Mdogo wako,
Wietske

Oudeterp, 1 Desemba

Kaka,

Hujambo. Nilikungoja tarehe 20 mpaka chai ikapoa. Badala yako ikaja barua yako kwa kamati, mwenyekiti akaisoma kwa sauti: eti programu "iliandikwa awali kwa mtindo wa miruko, na masalia yake ni hatari." Masalia! Wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mama, ungeshona tu."

Nimefukuzwa. Hylke Bouma tukikutana dukani ananipa mgongo. Mama nimemwambia nimechoka na kazi.

Umeniuza, Sjoerd. Na nimeumia.

Mdogo wako,
Wietske

Eindhoven, 17 Februari 1975

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini hamjambo nyote. Nilikawia kuandika, kazi zilinibana.

Nina jambo la kukufurahisha. Nimetafakari sana, na nimeona kuna mruko mmoja unaokubalika: ule wa kutoka nje panapotokea balaa, moja kwa moja kwenye sehemu inayoshughulikia balaa. Nimeufanya sura ya saba. Wenzangu wanasema ndiyo sura bora ya kitabu. Mfano safi niliouona ni wako, wa vipimo na kengele. Naomba ruhusa niuchape. Jina sitaweka, ili nisikuchafue tena na mambo ya kamati.

Mama anaendeleaje?

Kaka yako akupendaye,
Sjoerd

Oudeterp, 24 Februari 1975

Bwana Tjalsma,

Mfano uchape. Ni sahihi, na wanafunzi wako wanauhitaji kuliko ninavyouhitaji mimi.

Mama alifariki tarehe 6. Tulimzika Jumatatu, tarehe 10. Nilikupigia simu chuoni mara tatu. Mara zote niliambiwa usikatizwe, unaandika sura ya saba.

W. Tjalsma