Mbuzi wa Darasa la Saba

Muleba,
11 Januari 1970

Kwa dada yangu mpendwa Klaudia Kokubanza,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Mutembei na watoto, na kwamba lile jino uliloniandikia kabla ya Krismasi limekwisha kung'olewa. Huku kwetu sote tu wazima. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamuuma asubuhi, lakini ikifika saa nne yuko shambani anagombana na magugu. Migomba imezaa vizuri mwaka huu.

Najua umesikia kwamba wiki iliyopita nilikuwa Bukoba siku tatu nzima bila kufika kwako Kibeta. Nakuomba usikasirike kabla hujasoma mpaka mwisho. Ukishasoma, ukitaka kukasirika, utakuwa na haki.

Mambo yalianza mwezi wa nane. Darasa langu la saba walikuwa wanakaribia mtihani, na Kiingereza chao kilikwama mahali pamoja: nyakati za vitenzi. Walijua kwamba "tie" ni kufunga, lakini lini useme "I tied", lini "I have tied" na lini "I had tied", hapo kila mmoja alibahatisha lake. Nilichora jedwali ubaoni, wakalikariri kama sala, na kesho yake wakakosa vilevile.

Basi asubuhi moja nikamchukua mbuzi wa mama, nikaenda naye shuleni. Nilimfunga kwenye mguu wa meza yangu, darasa zima likicheka, nikawaambia waseme nilichofanya. "I have tied the goat", kwa sababu kamba iko shingoni na kila mtu anaiona. Nikamfungua, tukazungumza habari ya jana. "I tied the goat yesterday": jana imepita, na leo mbuzi anaweza kuwa popote. Kisha nikaleta mvua. "I had tied the goat when the rain came": mambo mawili, yote ya jana, na lile lililotangulia ndilo linalobeba "had". Nikawakumbusha kwamba hata sisi Wahaya hatusemi kufunga kwa leo kama kwa jana, wala kwa jana kama kwa zamani. Leo ni twakoma, jana tukomile, zamani tukakoma. Kwa hiyo wasimwogope Mwingereza, kila mtu ana hesabu yake ya siku.

Sikujua kwamba Bwana Kagaruki, mkaguzi wa shule, alikuwa amesimama dirishani. Aliingia akamwuliza Jovita, msichana mdogo kuliko wote darasani, kwa nini hatusemi "I have tied the goat yesterday". Jovita akajibu kwamba kamba ya jana haiko shingoni tena. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Mtihani ulipokuja, watoto wetu walifanya vizuri kuliko miaka yote, na mimi nikaitwa Bukoba kuwaonyesha walimu arobaini jambo ambalo Bwana Kagaruki ameliandika katika ripoti yake kuwa mbinu ya Mwalimu Mwijage.

Nilifikia Miembeni, kwa mwalimu mwenzangu Hamidi na mkewe Bi Shamsa, watu wakarimu sana. Siku ya kwanza nilifundisha, wakapiga makofi. Hamidi akauliza nilimpata wapi mbuzi huyo, nikasema nilimfikiria mwenyewe njiani nikienda shuleni. Jioni, tukinywa chai, Bi Shamsa akaniuliza kama nina ndugu pale mjini. Nikasema sina.

Dada, wewe umekwisha kujua tangu nilipomtaja mbuzi. Mimi nilikuwa darasa la nne na wewe la sita. Ulikuwa unamenya ndizi nyuma ya jiko, na mbuzi wa baba alikuwa kwenye mti wa kahawa. Ulinifanya nimfunge na kumfungua mpaka yeye akachoka na mimi nikaelewa. Maneno yote niliyowaambia watoto ni yako, hata yale ya Kihaya. Mwaka uliofuata baba alisema mmoja wetu abaki nyumbani kumsaidia mama, akakuchagua wewe, nami sikusema neno. Nilipoulizwa habari za ndugu nilisema sina kwa sababu nilijua Hamidi angetaka kuja kukusalimu, na wewe ungecheka na kueleza yote.

Sikupata amani. Siku ya pili, chaki mkononi, niliacha somo katikati, nikawaambia walimu wote kwamba mbinu si yangu, ni ya dada yangu aliyeachishwa shule akiwa na akili kunizidi. Bwana Kagaruki akauliza, "Yuko wapi huyo dada?" Nikasema yuko Kibeta. Hamidi hakunisema. Tulipofika kwake alimwambia mkewe tu kwamba mgeni wao amepata ndugu tangu jana.

Siku ya tatu nilipanda Kibeta. Nilikuona kwa mbali unaanika nguo, nikageuka, nikarudi kupanda basi. Nisamehe kwa hilo pia.

Liko na jingine. Mwaka huu madarasa ya watu wazima yanafunguliwa kila mahali, na Bwana Kagaruki anatafuta wa kuwafundisha akina mama wa Kibeta kusoma na kuandika. Nilimpa jina lako bila kukuuliza. Atakuja kwako Jumatano. Unaweza kukataa, lakini mwambie shemeji mapema asije akadhani ni mtu wa kodi. Mimi nitafika Jumamosi, na ukinifungia mlango nitakaa nje.

Aliyekuletea barua hii ana kopo la panzi senene waliokaangwa, kutoka kwa mama. Mama anasema safari hii wewe ndiye uanze kula, wanaume watasubiri. Wasalimie watoto wote, na majirani wanaonikumbuka.

Bwana Kagaruki alipoandika jina lako aliniuliza aweke cheo gani. Nikamwambia aandike Mwalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Privatus Mwijage