Mzee wa Miezi Kumi na Minne

Mkonze, 3 Machi 2025

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo, na kwa baba pia shikamoo. Sisi hatujambo, hofu yetu ni kwenu na hilo jua la Mpwapwa. Meshack yuko safarini na lori, anawasalimu. Mzee naye anawasalimu, ana meno sita na anayatumia.

Uliniambia nimlete ukae naye nikirudi kazini. Naomba usikasirike, mama. Huku Mkonze serikali imefungua kituo cha kulelea watoto wa wazazi wanaofanya kazi, kuanzia miezi mitatu hadi miaka mitatu. Bado ni cha majaribio. Walezi wanalipwa na serikali, sisi tunaleta nguo za kubadilisha. Kiwanda cha juisi ya zabibu kinanitaka saa moja asubuhi, na kituo kinafunguliwa kabla ya hapo.

Leo nimempeleka. Waliponiuliza jina lake nikasogeza kadi ya kliniki mezani, wakalisoma wenyewe. Unajua tena, jina la baba mkwe halitoki kinywani mwangu.

Mwanao,
Loisi

Mpwapwa, 9 Machi 2025

Mwanangu Loisi,

Marahaba. Mbukwa, kwa salamu ya Kigogo chetu. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, nalo nimelizoea. Simu ninayo, lakini maneno ya simu yakishapita yamepita. Barua yako nimeisoma mara tano.

Sikukasirika. Nimeshangaa, na mpaka sasa nashangaa. Serikali inalea watoto! Inawabeba mgongoni au inawalaza chini? Mlezi mmoja ana watoto wangapi? Wakilia wawili kwa pamoja anaanza na yupi? Uji ni wa ulezi au ni unga wa dukani? Na huyo mume wangu mdogo akisinzia, wanajua kwamba hukunwa sikio la kushoto?

Baba yako anasema nauliza kama karani wa sensa. Nimemjibu karani wa sensa huja mara moja kwa miaka kumi, mimi nitauliza kila wiki.

Ila nakuambia wazi, nikisikia mjukuu wangu ananyong'onyea, nakuja kumchukua. Mlezi ni mlezi, bibi ni bibi.

Mama yako

Mkonze, 24 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mlezi mmoja ana watoto watano. Uji ni wa ulezi. Anaanza na mwenye njaa, mwenye hasira anasubiri. Mgongoni hawabebi sana, kuna mkeka mkubwa.

Sasa lililonisumbua. Mlezi wake, dada Shamila, ameniita pembeni. Anasema wiki tatu hizi mtoto hajageuka hata mara moja akiitwa. Wamemwita kwa upole, wamemwita kwa nguvu, yuko na kikombe chake tu. Wenzake wakiitwa wanageuka. Ameniandikia karatasi twende kwa daktari wa masikio tarehe tisa mwezi ujao.

Lakini nyumbani anasikia, mama! Nikimwita kutoka jikoni anakuja kwa magoti mbio. Au najidanganya? Kituo hakina mlezi aliyesomea watoto wasiosikia. Ikiwa ndivyo, itabidi niache kazi. Leo nimepanga zabibu huku nalia mpaka msimamizi akaniuliza nimefiwa na nani. Naogopa. Usimwambie baba.

Mwanao,
Loisi

Mpwapwa, 26 Machi 2025

Loisi mwanangu,

Marahaba. Leo salamu ni fupi, basi linaondoka. Baba yako nimemwambia, nisamehe, aliniona usoni. Chai yake ameiacha mezani.

Mtoto nyumbani anasikia, kituoni hasikii. Nimekaa na jambo hilo tangu jana. Mbuzi wangu nao hawaji wakiitwa na mgeni, na si viziwi. Nimekuuliza maswali mengi kumbe la maana nimelisahau: huko kituoni wanamwitaje?

Mama yako

Mkonze, 28 Machi 2025

Mama,

Shikamoo! Nimecheka na nimelia, sijui kipi kilitangulia.

Asubuhi nilimuuliza dada Shamila swali lako. Akanishangaa, akanionyesha kadi ya kliniki. Mama, wanamwita jina la kwenye kadi! Jina hilo mtoto hajawahi kulisikia tangu azaliwe. Mimi siwezi kulitamka. Meshack hawezi kumtaja baba yake hivi hivi, anamwita Mzee, na mimi nikafuata. Wewe unamwita mume wangu. Angegeukaje?

Nikamwambia, "Simama hapo mlangoni, mwite Mzee." Akaita. Mtoto aligeuka kwa haraka mpaka akaanguka. Shamila akashika kichwa: "Mzee? Huyu mwenye nepi?"

Hospitali tutakwenda vilevile, ili tuwe na uhakika. Lakini Shamila anasema jina lake lazima alijue, maana dawa na chakula huko vinakwenda kwa jina la kwenye kadi, na anataka tumzoeshe nyumbani. Nitaanzaje, mama? Nimejaribu mbele ya kioo, ulimi ukagoma. Naona kama namvunjia baba heshima. Naomba ruhusa yenu.

Mwanao,
Loisi

Mpwapwa, 13 Aprili 2025

Mwanangu Loisi,

Marahaba. Tangu uliponipigia kwamba daktari ameyakuta masikio ni mazima, nimepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Abaki kituoni. Siji kumchukua, nakuja kumtazama, na huyo Shamila nina maswali naye.

Kuhusu ruhusa, niliona haya kukuruhusu jambo ambalo mimi mwenyewe limenishinda. Nimeishi na mume wangu miaka arobaini na mmoja. Namwita Baba Meshack. Kabla Meshack hajazaliwa nilimwita "wewe".

Jana alikuwa zizini. Nikasimama uani, nikajaribu polepole, kama mtu anayeonja uji wa moto. Halikutoka. Nikajaribu tena, likatoka kubwa kuliko nilivyotaka:

"Nikodemo!"

Nikajua nimemkosea. Kisha akatoka, kofia mkononi, akaja mpaka karibu yangu. Nikamwambia, "Nilikuwa najifunza kumwita mtoto."

"Najua," akasema. Hakuondoka. Akatazama chini kama siku ile alipokuja kwetu kuchumbia.

"Ita tena," akaniambia.

Nimemwita mara nne, mwanangu, na mara zote nne ameitika. Na wewe ita.

Mama yako