"Na" ya Kiajemi

Mpendwa mjukuu wangu Wambui,

Pokea salamu kutoka Komarock. Mama yako sasa anatembea bila mkongojo, na kuku wa jirani bado wananimalizia sukuma wiki. Nimechoka kuwafukuza.

Unauliza Kiajemi nilichosoma chuo kikuu kilinifaa nini, na Iran kwenyewe sijawahi kufika. Kilinifaa siku moja.

Wakati huo tulikaa Kaloleni. Baba alikuwa amefariki wakati wa likizo ya chuo, nami nikarudi darasani bila kumwambia mtu. Hata kwenye matanga sikulia; nilikuwa nikiwapikia watu chai.

Mwalimu wetu, Mwajemi mmoja mpole, alituuliza kwa lugha yake tunaishi na nani nyumbani. Mama kwao ni "madar", na baba ni "baba" vilevile. Neno lao la kuunganisha likanipotea, nikachomeka letu: "Madar na baba." Mazoea ya ulimi tu.

Akaweka chaki chini. "Baba hayupo?" akaniuliza taratibu.

Nilishangaa amejuaje. Akanieleza kwamba "na" kwa Kiajemi ni kukanusha. Nilikuwa nimesema: mama, si baba.

Ningeweza kumwambia nimekosea, darasa licheke, tuendelee. Mdomo ukakataa. Machozi niliyoyanyima matanga yakatoka pale, mbele ya wenzangu wote.

 Nikajifuta uso, nikarudia, "Madar, na baba."

Safari hiyo nilisema kwa Kiajemi.

Mungu akutunze huko ugenini.

Shosho wako