Mafao na Chumba cha Uani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako la kulia limepunguza ubishi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Macho yake yametulia tangu abadilishiwe dawa, na siku hizi anasoma gazeti bila kuninyang'anya miwani. Binti yangu naye ni mzima, kazi zimemwelemea kama wahasibu wote mwisho wa mwaka, lakini Jumapili hakosi kuja kututazama na kutukosoa. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu: mgongo unalalamika asubuhi, ukishapata chai unanyamaza.

Barua yako niliipata zamani kidogo, na kuchelewa kujibu si kwa kukosa nafasi. Uliniuliza mambo mawili: kama nimeshaamua lini nitaanza kuchukua mafao yangu ya uzeeni, na umwambie nini binti yako kuhusu chumba cha uani. Uliniandikia kwamba mpwa wangu sasa ana vyerehani viwili barazani kwake, kwamba mvua ikinyesha anavikokota hadi sebuleni na vitambaa vya wateja vinarukiwa na maji, na kwamba umemwambia tena kuwa kile chumba ni cha mjomba wake, yuko njiani kurudi. Hukunilaumu popote katika barua hiyo. Niliirudia mara kadhaa nikitafuta lawama, nikakosa.

Uliwahi kusema hujaelewa jinsi mafao haya yanavyokwenda, basi nikueleze. Huku mfanyakazi hukatwa kidogo katika kila mshahara. Akifika miaka sitini anaruhusiwa kuanza kulipwa na serikali kila mwezi, lakini akianza mapema hivyo analipwa kidogo. Kila mwaka anaosubiri, malipo yanapanda, mpaka sabini. Baada ya hapo hayapandi tena. Kiwango utakachoanza nacho ndicho utakachokufa nacho, na ukishatia saini huwezi kurudi kusema umebadili mawazo. Kwa ufupi, ni kuwekeana dau na serikali juu ya siku yako ya kufa, na serikali imeona maiti wengi kuliko wewe.

Nilipofika sitini nilikuambia nasubiri kidogo kwa sababu tofauti ni kubwa. Ulisema ni sawa, na mwaka ule ukapiga lipu kile chumba. Nilipofika sitini na mitano nikakuambia vilevile, ukabadilisha bati. Sasa nina sitini na minane. Kila nilipoahirisha, wewe ulikarabati.

Ushauri haukunipungukia. Pale maktaba ninakofanya kazi yuko mlinzi mmoja tunayemwita Jemadari, kwa jinsi anavyong'arisha vifungo vya koti lake. Yeye alichukua mafao yake siku ileile aliyotimiza sitini. Alifika ofisini kwao kabla mlango haujafunguliwa, na bado anaendelea na ulinzi kwa sababu, anasema, nyumbani kuna mkewe. Mchana hushuka chini kwenye chumba changu, akakaa juu ya marundo ya karatasi na kunisimanga. Juzi aliniuliza, "Unangoja nini, mzee mwenzangu? Unataka wakulipie kaburini, ukanunue nini huko?" Nilimwambia nafikiria. Akasema mtu wa vitabu akisema anafikiria, ujue ameogopa.

Chumba changu sidhani kama nimewahi kukueleza vizuri. Kiko chini ya jengo, kina dirisha moja usawa wa barabara linaloingiza vumbi zaidi ya mwanga. Kuna meza ndefu, gundi, nyuzi, sindano, na shinikizo la chuma lenye gurudumu juu, zito kiasi kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kulihamisha. Wananiletea vitabu vilivyokatika mgongo, kurasa zikining'inia. Navifumua, nakwangua gundi ya zamani, nashona upya, najalidi, kisha navibana kwenye shinikizo hadi kesho yake. Nimesoma mengi kwa njia hiyo, kipande hapa kipande pale. Kitabu ambacho hakuna anayekiazima hakifiki kwangu kamwe. Mimi navijua vile vilivyopendwa mpaka vikachanika. Siku hizi nakwenda siku tatu tu kwa wiki. Siku nyingine najikuta nimevaa viatu kabla sijakumbuka kwamba siendi.

Binti yangu yeye alikuja na kompyuta yake. Alituonyesha mistari ya rangi mbili, mmoja ukipanda polepole na mwingine ukianza chini na kuupita ule wa kwanza. Uamuzi wake ulikuwa wazi: nisubiri sabini. Mama yake ni mdogo kwangu kwa miaka tisa, wanawake wanaishi, na nikitangulia mimi atarithi nusu ya kile nilichokuwa nikilipwa. Kwa hiyo kila ninachopunguza, nampunguzia yeye. Alieleza kifo changu vizuri sana, mama yake akimimina chai, sote watatu tukitikisa vichwa kana kwamba tunamzungumzia jirani aliyehama. Wifi yako alisema yeye hesabu zile zinampita kando. Anachotaka ni kuambiwa mapema, kwa maana kuna vitu atavinunua au hatavinunua. Sikumuuliza vitu gani.

Mwezi uliopita tukaenda ofisi ya mafao, mimi na yeye, kwa sababu saini ya mwenzi inahitajika. Ni ukumbi wa viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, ukijisogeza kwenye kiti chako, mwenzako wa pembeni anatikisika. Kwenye kaunta kuna maua ya bandia yenye vumbi la kweli. Tulipoitwa, tulimkuta afisa, mwanamke wa makamo mwenye mafua, sauti yake ina upole wa mtu anayesema maneno yaleyale kutwa nzima. Alitueleza yote niliyokwisha kukueleza. Mimi nilikuwa nimekwenda kumwambia kwamba nasubiri sabini, na jibu hilo nilikuwa nalo mdomoni.

Kabla sijalitoa, akageukia mashine yake kujaza mambo madogo madogo, akaniuliza nitaishi wapi nikistaafu, kwa kuwa wanaohama nchi wana dirisha lao na utaratibu mwingine.

Nikasema, "Hapa hapa."

Nimelichunguza jibu hilo kila upande tangu siku ile. Sikulisema kwa huzuni wala kwa kutafakari. Nililisema kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake. Afisa akaandika, akapenga kamasi, akaniuliza namba ya simu. Wifi yako alikuwa akipekua mkoba kutafuta miwani, na mkono wake ukasimama humo ndani. Nilimwambia afisa kwamba tutarudi siku nyingine, tukatoka.

Tulitembea mpaka kwenye taa za barabarani. Pale, tukisubiri kuvuka, akasema, "Kumbe."

Tulipofika ng'ambo akaniuliza ningemwambia lini. Nikamjibu ukweli, kwamba hata mimi nilikuwa sijaambiwa. Hakucheka. Akaanza kutaja, bila kupandisha sauti, vitu ambavyo hakununua. Kabati la milango mitatu lenye kioo, alilolitaka tulipohamia kwenye nyumba hii, nikamuuliza tutalisafirishaje siku tukirudi. Tukanunua la kitambaa lenye zipu. Meza ya kukunja. Sahani zaidi ya sita, maana hizo tungemwachia nani. Kozi ya lugha ya huku ambayo hakuimaliza kwa sababu nilimwambia haitamfaa nyumbani. Alivitaja kimoja kimoja, mbele ya duka la viatu, mbele ya duka la dawa, mpaka mlangoni kwetu. Mwishoni akasema, "Umenikalisha maisha yangu yote juu ya sanduku." Akaingia jikoni. Nilibaki kwenye ngazi na funguo mkononi, nikijua kwamba hakuna alichozidisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, dada, kwa kuwa nimelizunguka vya kutosha.

Mimi sikuwa nikisubiri fedha. Hesabu za binti yangu ni sahihi, na nilizishika kwa furaha kwa sababu zilinipa mahali pa kujificha, lakini hazikuwa sababu. Sisi wawili tulikubaliana tangu ujana kwamba nikistaafu narudi. Basi maadamu sijachukua mafao, nilikuwa mtu anayekaribia kurudi, na mtu wa namna hiyo anaweza kuishi popote kwa muda wowote bila kuulizwa. Nilipokuja kuwatembelea mwaka ule baada ya msiba wa mama, mlinipokea vizuri kupita nilivyostahili. Mtaa mzima ulinisalimu. Lakini nilikuwa nikikuuliza wewe njia ya kwenda posta. Watu walikuwa wakinipunguzia mwendo wa maneno, kama mnavyofanya kwa wageni, nami nikawashukuru. Wiki ya tatu nilianza kuwaza ni nani anabana vitabu vyangu, na kama amekumbuka kulegeza shinikizo. Ulipolia siku ya kuniaga, ukaniambia nirudi upesi, mimi nilikuwa nimeshafika huku. Nililijua jambo hilo ndani ya gari, na nikalikunja vizuri, nikaliweka mbali na mimi.

Sisemi kwamba nimeipenda nchi hii kuliko kwetu. Sijui kama naipenda. Haijawahi kunifukuza, nami sijawahi kuishangilia. Nimeizoea, na mazoea hayo yamekuwa marefu kuliko maisha niliyoishi nyumbani kabla ya kukimbia.

Wiki iliyofuata tulirudi ofisini. Nikamwambia afisa kwamba naanza sasa, sisubiri sabini. Wifi yako akatia saini bila kuuliza nusu yake itakuwa kiasi gani. Alisema nusu ya mtu anayejua anakoishi inamtosha. Asubuhi ile kabla hatujaondoka alikuwa amekwisha kupima ukuta wa chumbani kwa utepe. Binti yangu nilipompigia simu alisema, "Baba, hiyo si hesabu." Nikamwambia ni kweli, si hesabu. Ningesubiri miaka miwili zaidi, wewe ungebadilisha madirisha.

Kwa hiyo naomba chumba cha uani umpe mpwa wangu. Usimwazime, wala usimwambie akae mpaka mjomba aje. Umpe. Atoboe ukuta wa mbele aweke mlango wa wateja akitaka, na kile kitanda ulichoninunulia akitoe, kitampotezea nafasi. Nikijaliwa, nitakuja kiangazi, baada ya malipo ya kwanza. Nitakuja na tiketi ya kwenda na kurudi, nitalala sebuleni kama wageni wengine, na ukinituma dukani nitapotea kama kawaida. Kama umekasirika, niandikie hasira yote. Usiipunguze kwa ajili ya umri wangu.

Nisalimie wajukuu wako, na jirani yako fundi saa kama bado yupo. Wifi yako amesema ataandika barua yake mwenyewe, na nisiione.

Jambo moja la mwisho. Leo hii, kwa posta ileile, nimemwandikia mpwa wangu mistari miwili: kwamba chumba ni chake, na kwamba Jumamosi aje kwako achukue ufunguo, asikubali kurudi bila huo ufunguo. Nisamehe kwa kupita nyuma yako. Nakujua, dada. Ungeisoma barua hii, ukaikunja ukaiweka chini ya godoro, na kesho yake ungekwenda kufagia kile chumba.

Mdogo wako akupendaye,
mimi.